Klabu iliyomtema Unitas ndiyo iliyomwona Stallworth

Majani ya uwanja wa chuo cha Alabama A&M, nje kidogo ya mji wa Huntsville, yalikuwa yamelowa. Wasaka vipaji wa klabu kadhaa za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, walisimama na saa zao mkononi, kijana aitwaye John Stallworth akakimbia, saa zikaonyesha kwamba hana mbio za kutisha. Wakaandika namba zao, wakapanda gari kwenda chuo kingine. Mmoja alibaki. Bill Nunn wa Pittsburgh Steelers aliwaambia wenzake kwamba hajisikii vizuri. Walipokwisha kuondoka alimtafuta yule kijana, akampeleka mahali pakavu, akampima upya. Safari hii saa ilisema jambo jingine kabisa.

Hivyo ndivyo wanavyosimulia Pittsburgh, na kisa chenyewe kina mkia: inasemekana filamu nzuri ya mechi za Stallworth ilikuwa moja tu, ikapewa Steelers kwanza ili waitazame na kuipitisha kwa klabu nyingine, nayo ikakawia mno kutoka mikononi mwao. Yaliyofuata hayahitaji "inasemekana". Katika drafti ya Januari 1974 Steelers walichagua vijana wanne ambao wote waliishia katika Jumba la Mashujaa wa futiboli huko Canton, Ohio. Hakuna klabu nyingine ya NFL iliyowahi kupata wanne kwa drafti moja. Green Bay Packers wa 1958 walipata watatu. Dallas Cowboys wa 1964 nao walipata watatu, mmoja wao Bob Hayes, ambaye mwaka huo huo alitwaa dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Wanne ni wa Pittsburgh peke yao, na sioni nani atawafikia.

Ninachokipenda katika rekodi hii ni nani aliyeiweka. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 40, klabu hii hii ilikuwa mfano wa jinsi ya kupoteza wachezaji.

Kwa msomaji aliyezoea dirisha la usajili, ambako mwenye fedha ndiye anayeondoka na mchezaji mzuri, drafti inahitaji maelezo mafupi. Ilikuwa fikra ya Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona vijana bora wa vyuo wakikimbilia klabu zile zile kubwa. Ya kwanza ilifanyika Februari 8, 1936, katika hoteli ya Ritz-Carlton jijini Philadelphia. Klabu iliyoshika mkia inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, kisha mzunguko unaanza tena. Kijana akishachaguliwa, ni klabu hiyo tu yenye haki ya kuzungumza naye. Wa kwanza kabisa kutajwa siku ile, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya NFL, hawakuelewana mshahara. Leo raundi ni saba, mwaka 1974 zilikuwa 17. Na nafasi ya kuchagua ni mali kama shamba: unaweza kuiuza, kuibadilisha kwa mchezaji, hata kuitoa ya mwaka ambao haujafika. Hapo ndipo klabu nyingi hujichimbia kaburi.

Miaka mitatu mibaya kuliko yote

Art Rooney aliianzisha klabu mwaka 1933, na kwa miongo minne hakubeba kombe. Watu wa Pittsburgh walizoea kusema timu yao ina nuksi. Nikizipitia drafti zao za miaka ya 1950 siioni nuksi yoyote. Naona watu waliochagua bila kutazama, na waliotazama bila kuona.

Mwaka 1955, raundi ya tisa, walimchukua kwotabeki, yaani mrusha pasi, mzaliwa wa Pittsburgh hapo hapo, Johnny Unitas. Alikuwa wa 102 kwenye orodha. Kambini walikuwapo kwotabeki wengine, kocha Walt Kiesling hakumwingiza hata dakika moja katika mechi za maandalizi, na kabla msimu haujaanza wakamtema. Unitas akafanya kazi za ujenzi na kuchezea timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa dola 6 kwa mechi. Mwaka uliofuata Baltimore Colts wakamwita. Mwaka 1958 aliwapa ubingwa katika fainali dhidi ya New York Giants ambayo Wamarekani wengi bado wanaiita mechi bora kuliko zote. Rekodi yake ya kurusha pasi ya goli katika mechi 47 mfululizo ilidumu tangu 1960 hadi 2012. Steelers walikuwa naye nyumbani, wakamfungulia mlango atoke.

Mwaka 1956 bahati nasibu, iliyotumika enzi hizo, iliwapa Steelers chaguo la kwanza la nchi nzima. Wakamtaja Gary Glick wa chuo cha Colorado A&M, beki wa nyuma. Hakuna mtu wa klabu aliyekuwa amemwona akicheza. Walikuwa na barua ya kocha wake iliyomsifu. Glick hakuwa mchezaji wa ovyo, alicheza NFL kwa miaka kadhaa, lakini jina lake limebaki kwenye vitabu kwa sababu moja: tangu drafti ianze, ndiye beki wa nyuma pekee aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza. Klabu zote zilizofuata zimeiona nafasi hiyo ni ghali mno kwa beki. Pittsburgh waliitumia kwa sifa za kwenye karatasi.

Ukaja 1957. Steelers walikuwa wa tano kuchagua, wakamchukua kwotabeki Len Dawson. Cleveland Browns, waliokuwa wa sita, wakamchukua Jim Brown. Brown alicheza misimu tisa na katika minane kati yake aliongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia na mpira, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia. Ungesema basi Dawson alikuwa hafai. La hasha! Dawson naye yumo katika Jumba la Mashujaa, na alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ubingwa, ya nne. Lakini hayo aliyafanya akiwa Kansas City. Pittsburgh walimweka benchi, kisha wakamwachia aende. Ndiyo maana siwezi kuyaita mambo haya bahati mbaya. Hata walipochagua vizuri, hawakujua wameshika nini.

Kocha aliyefuata, Buddy Parker, hakuwa na subira na chipukizi. Alitaka wakongwe waliokwisha kuiva, na ili awapate alizigawa nafasi za drafti kama njugu. Mwaka 1959 Steelers hawakuchagua mtu yeyote hadi raundi ya nane. Mwaka 1963 ikawa vivyo hivyo: raundi saba nzima wamekaa wanatazama wenzao. Na bili ya mwisho ya enzi hiyo ilikuja na drafti ya 1965, Parker mwenyewe akiwa ukingoni. Chaguo la tatu la mwaka huo lilikuwa la Pittsburgh kwa asili yake, lakini walikuwa wamelitoa kwa Chicago Bears. Bears wakamchukua Dick Butkus, ambaye kwa wengi ndiye mlinzi wa kati aliyeogopwa kuliko wote. Chaguo la nne lilikuwa la Bears pia, wakamchukua Gale Sayers. Mashujaa wawili wa Canton, mmoja baada ya mwingine, kwa dakika chache. Nani mwingine amewahi kuamka na siku kama hiyo?

Shilingi iliyoanguka vizuri

Januari 1969 Dan Rooney, mwana wa Art, alimwajiri Chuck Noll, mwenye umri wa miaka 37. Noll alikuja na imani moja: timu inajengwa kwa drafti, kwa vijana unaowafundisha mwenyewe. Chaguo lake la kwanza lilikuwa Joe Greene wa chuo cha North Texas State. Magazeti ya Pittsburgh yaliuliza huyo Joe Greene ni nani. Katika raundi ya kumi ya drafti hiyo hiyo alimpata L.C. Greenwood kutoka chuo kidogo cha Weusi huko Arkansas. Msimu ulipoisha, Noll alikuwa ameshinda mechi moja na kupoteza 13.

Chicago Bears nao walikuwa na mechi moja, na hiyo moja waliishinda dhidi ya Pittsburgh. Kwa hiyo chaguo la kwanza la 1970 likaamuliwa kwa kurusha sarafu, New Orleans, wiki ya Super Bowl. Mwakilishi wa Bears akasema kichwa. Ikaanguka mwenge. Steelers wakamchukua kwotabeki Terry Bradshaw wa Louisiana Tech, na katika raundi ya tatu wakamchukua Mel Blount wa chuo cha Southern, beki mrefu na mwenye nguvu kiasi kwamba mwaka 1978 ligi ilibadilisha kanuni ya kuwagusa wapokeaji, na kanuni hiyo watu huiita kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1971 walimpata Jack Ham katika raundi ya pili. Mwaka 1972, chaguo la 13, Franco Harris. Desemba 23 ya mwaka huo huo Harris, bado chipukizi, aliudaka mpira uliokuwa unadondoka sentimita chache juu ya nyasi, akakimbia nao hadi mwisho, na Steelers wakawashinda Oakland Raiders 13 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mchujo katika historia ya klabu. Mwaka wa 40!

Hesabu ambayo huwa inanisimamisha ni hii. Kati ya 1969 na 1974, Steelers walileta uwanjani Greene, Bradshaw, Blount, Ham, Harris, kisha wale wa 1974 nitakaowafikia hapa chini: Swann, Lambert, Stallworth, Webster na Shell. Ni watu kumi wa Jumba la Mashujaa ndani ya miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyenunuliwa akiwa staa.

Mwandishi wa habari aliyeona zaidi

Sarafu haikumleta Stallworth wala Blount. Aliyewaleta ni Bill Nunn, naye hakuwa mtu wa futiboli kwa kazi. Alikuwa mwandishi na mhariri wa michezo wa Pittsburgh Courier, mojawapo ya magazeti makubwa ya Wamarekani Weusi. Kila mwaka gazeti hilo lilichapisha kikosi bora cha vyuo vya Weusi, vile vilivyoanzishwa enzi za ubaguzi kwa sababu vijana wao hawakupokelewa kwingine. Ili kukipanga kikosi hicho, Nunn alisafiri kusini, akatazama mechi, akajuana na makocha, akala nao, akajua familia za wachezaji.

Klabu ya jiji lake mwenyewe hakuipenda. Hakujiona anakaribishwa pale, na alikuwa anaona wazi kwamba wachezaji aliowaandika hawapati nafasi. Dan Rooney alipouliza kwa nini mwandishi huyu haonekani uwanjani mwao, akaambiwa ukweli. Rooney hakukasirika, akamwomba aje asaidie. Nunn alianza kwa muda mnamo 1967, kisha akaacha gazeti akawa wa klabu moja kwa moja.

Klabu nyingine zilituma watu kwenye vyuo hivyo pia, lakini walipita tu. Nunn alikuwa na miaka 20 ya kufahamiana na watu wa kule. Kocha wa Grambling au wa Southern alimwambia mambo ambayo hakumwambia mgeni mwenye saa ya kupimia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Nunn alikuwa ameinama kwa miongo miwili kabla mtu yeyote wa NFL hajajua kuna kitu mvunguni. Kwa maoni yangu, huu ndio usajili mkubwa kuliko wote wa Steelers, na hakuvaa jezi hata siku moja.

Wanne, na wa tano

Noll alimpenda Stallworth mno, hata akataka amchukue raundi ya kwanza. Wasaka vipaji wake wakamwomba avumilie: klabu nyingine hazijui zinachokosa, atapatikana baadaye. Ilikuwa kamari ya kutisha, maana nafasi ya raundi ya tatu walikuwa wamekwisha kuitoa kwa kubadilishana mchezaji. Raundi ya kwanza, chaguo la 21, wakamchukua Lynn Swann wa Southern California, mpokeaji aliyeruka kama anacheza dansi. Raundi ya pili, chaguo la 46, Jack Lambert wa Kent State. Kisha wakakaa. Raundi ya tatu nzima ikapita, jina la Stallworth halijatajwa na mtu. Chaguo la 82, raundi ya nne, akawa wao. Raundi ya tano, chaguo la 125, wakamchukua Mike Webster wa Wisconsin, senta ambaye wengi walimwona mfupi na mwepesi kwa kazi ya kusukumana na majitu.

Lambert naye alionekana mwembamba mno. Kisa chake nakipenda kuliko vyote vya drafti hii. Siku mmoja wa watu wa Steelers alipokwenda Kent State, uwanja wa mazoezi ulikuwa umejaa maji, kwa hiyo timu ikafanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari yenye changarawe. Lambert alimrukia mtu, akaserereka juu ya mawe, akainuka, akarudi kwenye zamu yake huku anang'oa vijiwe kwenye ngozi ya mkono. Mambo mengine hayapimwi kwa mizani. Mwaka 1974 alichaguliwa chipukizi bora wa ulinzi wa ligi.

Jina la tano halimo kwenye orodha ya drafti. Raundi 17 zilipita bila mtu yeyote kumtaja Donnie Shell wa chuo cha South Carolina State. Nunn alimfahamu, akamfahamu na kocha wake, na Steelers wakamsajili bila kutumia nafasi yoyote. Shell alicheza misimu 14, akanyakua pasi 51 za wapinzani, akaingia Jumba la Mashujaa. Ukimhesabu, basi chipukizi watano wa Canton waliingia kambi moja kiangazi kimoja.

Na kiangazi chenyewe kiliwasaidia. Julai 1974 wachezaji wakongwe wa NFL waligoma. Kwa wiki kadhaa kambi zilikuwa za chipukizi, na makocha walikuwa na muda wa kuwatazama mmoja mmoja, kuwasahihisha, kuwarudisha nyuma na kuanza tena. Klabu zilizotegemea wakongwe zilipoteza wiki hizo. Noll, ambaye kabla ya yote alikuwa mwalimu, alizipokea kama zawadi. Januari 1975 Steelers wakawafunga Minnesota Vikings 16 kwa 6 katika Super Bowl ya tisa. Art Rooney, mwenye sigara yake kubwa mdomoni na nywele nyeupe, akapokea kombe la kwanza baada ya miaka 42 ya kusubiri.

Yakafuata mengine matatu ndani ya misimu mitano. Katika Super Bowl ya kumi Swann, aliyekuwa amelazwa hospitali wiki mbili kabla kwa kuumia kichwa, alidaka mipira minne tu kwa yadi 161 na kuwa mpokeaji wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Katika ya 14, Januari 1980, Stallworth alidaka pasi ya yadi 73 iliyowavunja Los Angeles Rams. Na kikosi kilichobeba kombe siku ile kina rekodi ambayo naiona kubwa kuliko makombe yenyewe: hakukuwa na mchezaji hata mmoja aliyewahi kuchezea klabu nyingine ya NFL. Wote walilelewa Pittsburgh.

Miongoni mwao alikuwamo aliyetoka mbali kuliko wote. Rocky Bleier alichaguliwa mwaka 1968, raundi ya 16, mtu wa 417. Jeshi likamchukua, na Agosti 1969 huko Vietnam alipigwa risasi pajani na bomu la mkono likamharibu mguu. Akiwa hospitali alipata kadi kutoka kwa Art Rooney ikimwambia timu inamhitaji. Alirudi akichechemea. Mwaka 1976 alikimbia yadi 1,036, na pamoja na Franco Harris wakawa wawili wa timu moja waliovuka yadi 1,000 msimu mmoja. Ana pete nne za Super Bowl.

Bei iliyolipwa

Siwezi kumwandika Mike Webster kwa rekodi zake tu. Alicheza mechi 220 akiwa na Steelers, nyingi kuliko mtu yeyote wa klabu hiyo hadi Ben Roethlisberger alipompita miongo baadaye. Senta hugongana kichwa kwa kichwa karibu kila mchezo unapoanzishwa. Baada ya kustaafu, akili yake ilianza kumtoroka. Kuna nyakati alilala ndani ya gari. Alifariki Septemba 2002, akiwa na miaka 50.

Mwili wake ulifika mbele ya Dk. Bennet Omalu, mtaalamu wa magonjwa mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa vifo pale Pittsburgh. Ubongo ulionekana wa kawaida kwa nje. Omalu hakuridhika, akaomba uchunguzwe kwa ndani zaidi, akakuta uharibifu ambao ulikuwa haujawahi kuandikwa kwa mchezaji wa NFL. Alichapisha matokeo mwaka 2005, na ligi ilimpinga kwa miaka. Webster ni wa kwanza kwa hilo pia. Kila ninapousifu mwaka 1974 namkumbuka, na sidhani ni haki kuusifu bila kumkumbuka.

Ghali kuliko wote, na wa bure kuliko wote

Nje ya Pittsburgh, rekodi ya kupenda mtu mmoja kupita kiasi ni ya New Orleans Saints. Mwaka 1999 kocha Mike Ditka alitoa nafasi zote za klabu za mwaka huo, pamoja na za raundi ya kwanza na ya tatu za mwaka uliofuata, ili ampate mkimbiaji Ricky Williams katika chaguo la tano. Drafti nzima, mchezaji mmoja. Msimu huo walishinda mechi tatu, wakapoteza 13, na Ditka akafukuzwa. Minnesota Vikings walifanya karibu hivyo mwaka 1989 walipomfuata Herschel Walker: wachezaji na nafasi 18 zilibadilishana mikono, na kwa zile alizozipata Jimmy Johnson wa Dallas alijenga timu iliyobeba Super Bowl tatu katika misimu minne.

Upande wa pili wapo waliopatikana bure, na hapa Steelers wanarudi tena. Mkimbiaji Willie Parker hakuchaguliwa na klabu yoyote mwaka 2004. Februari 2006, katika Super Bowl ya 40, alikimbia yadi 75 hadi mwisho, mbio ndefu kuliko zote katika fainali hiyo. James Harrison wa Kent State, chuo kile kile cha Lambert, naye hakuchaguliwa. Steelers walimtema mara tatu, Baltimore Ravens mara moja. Mwaka 2008 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi, na hakuna mwingine asiyechaguliwa aliyewahi kupewa tuzo hiyo. Februari 2009, sekunde za mwisho za kipindi cha kwanza cha Super Bowl ya 43, Arizona Cardinals walikuwa kwenye yadi ya kwanza, wanaingia. Kurt Warner akarusha, Harrison akanyakua, akakimbia yadi 100, watu wawili wakimng'ang'ania mwishoni, akaanguka ndani ya mstari akihema kama aliyezama. Warner mwenyewe hakuwahi kuchaguliwa kwenye drafti. Aliwahi kupanga bidhaa kwenye rafu za duka usiku. Basi mchezo mrefu wa aina yake kuliko yote katika Super Bowl ulikuwa kati ya watu wawili ambao ligi nzima iliwapita.

Kwa mlango huo huo wa pembeni aliingia Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi na mcheza raga, ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 bila drafti. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL.

Waliosahau tena

Ujuzi wa 1974 haukudumu daima. Mwaka 1983 Dan Marino, kwotabeki mzaliwa wa Pittsburgh aliyesoma chuo cha Pittsburgh, alikuwa bado hajachukuliwa ilipofika zamu ya 21 ya Steelers. Wakamtaja Gabriel Rivera, mlinzi kutoka Texas Tech. Marino akaenda Miami zamu ya 27, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza katika ligi kurusha yadi zaidi ya 5,000 kwa msimu. Rivera alipata ajali ya gari Oktoba 1983 na hakutembea tena. Mwaka 2000 walitaka kwotabeki, wakamchukua Tee Martin kwenye nafasi ya 163. Tom Brady alikuwa bado anasubiri; New England wakamchukua wa 199, akamaliza maisha yake ya uchezaji na Super Bowl saba. Hapo angalau Pittsburgh hawakuwa peke yao, kila klabu ilimpita.

Walichojifunza kweli ni kutobabaika. Kuanzia 1969 hadi msimu wa 2025 walikuwa na makocha wakuu watatu tu: Noll, Bill Cowher na Mike Tomlin. Hakuna klabu nyingine ya ligi hiyo yenye orodha fupi hivyo kwa muda huo.

Bill Nunn aliendelea kwenda ofisini hata uzeeni, akitazama filamu za vijana wa vyuo. Alipata kiharusi Aprili 2014, klabu ikiwa katikati ya maandalizi ya drafti, akafariki Mei 6, siku mbili kabla ya drafti yenyewe. Alikuwa na miaka 89. Agosti 2021, Canton, jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa, wikiendi ile ile aliyoingia Donnie Shell. Chumba ambamo Steelers hukaa usiku wa drafti, wakisubiri zamu yao, kinaitwa kwa jina lake.